Nyumba Imepata Nyufa, Msingi Umecheza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Simu za nyufa zina msimu wake. Kundi la kwanza huingia Septemba na Oktoba, ardhi ya Dodoma ikiwa imekauka mpaka mipasuko yake inameza kandambili ya mtoto. Kundi la pili huingia Januari, mvua zikishakolea na mlango wa chumbani umekataa kufunga. Mara nyingi mwenye nyumba ni yuleyule, na ufa ni uleule.

Majibu haya yanahusu nyumba za kawaida za chini, za tofali za saruji na bati, zilizosimama juu ya udongo mweusi wa mbuga au mfinyanzi mwingine unaovimba. Udongo huo uko Dodoma, uko Kibaha, umejaa mabonde ya Usukumani, na kwa upande wa Kenya wanaujua vizuri watu wa Kitengela na Athi River. Mwenye ghorofa amwite mhandisi moja kwa moja.

Nitajuaje kama ufa ni wa msingi au ni lipu tu?

Anza kwa kugonga. Lipu iliyoachana na tofali hulia kama debe tupu, na nyufa zake huwa nyembamba kama nywele, zimetawanyika kama ramani, hazionekani upande wa pili wa ukuta. Hizo kwaruza, piga lipu upya, endelea na maisha.

Ufa wa msingi una tabia nyingine. Huanzia kwenye kona ya dirisha au ya mlango, hupanda kama ngazi ukifuata viungo vya tofali, na ukizunguka nje unaukuta palepale. Kisha angalia ni wapi umepanuka. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, kona au mwisho wa ukuta umeshuka. Ukiwa mpana chini, katikati ndiko kulikobonyea, au kona zimeinuliwa. Dalili nyingine huja pamoja nao: mlango unakwaruza sakafu, dirisha la aluminiamu haliteleziki, jamvi, yaani sakafu ya zege, limeachana na ukuta na mchwa wameshapata njia.

Kwa upana, tumia vitu vya nyumbani. Kadi ya benki ni nyembamba kidogo kuliko milimita 1. Ikikataa kuingia, usihangaike, weka alama tu. Penseli ikiingia, yaani kama milimita 7, hilo ni jambo la kushughulikia mwaka huu. Kidole gumba kikiingia, funga ukurasa huu utafute mhandisi.

Usiuhesabu ufa wa wima ulio kati ya nguzo ya zege na tofali, wala ule wa mlalo chini kidogo ya paa. Huo wa kwanza ni vitu viwili tofauti vimeachana, na wa pili mara nyingi ni habari ya paa na jua.

Kwa nini nyumba ya jirani haina ufa na yangu inao?

Udongo wa mbuga hunywa maji na kuvimba, ukikauka husinyaa. Mchana kutwa unaweza kumlaumu fundi, lakini udongo huu unainua na kushusha nyumba kila mwaka hata kama saruji haikuibwa. Katikati ya nyumba, chini ya jamvi, unyevu haubadiliki sana kwa sababu hakuna jua wala mvua. Pembezoni ndiko kunakobadilika. Kiangazi kingo zinashuka, masika zinapanda, na ukuta unapindwa huku na huku kama mtu anayejaribu kuvunja muwa kwa mikono.

Jirani huenda yuko mita 40 tu juu yako, kwenye udongo wa kichanga. Wasukuma wana jina la kila udongo: juu kwenye mwinuko ni luseni, mchanga mwepesi, chini bondeni ni mbuga. Wazee walijenga juu, wakalima bondeni. Sisi tuliokuja na hati za viwanja tumepanga mstari wa rula unaokata yote mawili.

Kuna kipimo unachoweza kufanya jikoni. Chimba udongo kwenye kina cha msingi, ukaushe, uponde, uchekeche. Chukua glasi mbili zinazofanana, weka vijiko sawa vya udongo kila moja. Moja jaza maji, nyingine jaza mafuta ya taa, koroga, ziache mpaka kesho saa kama hizo. Kwenye mafuta ya taa udongo hauvimbi. Kama kwenye maji umekuwa mrefu kwa nusu zaidi, au umekaribia mara mbili, unajua unapigana na nani. Maabara hufanya kitu hichohicho kwa vyombo vyenye vipimo.

Fundi amesema azibe kwa saruji, apake rangi. Kuna ubaya gani?

Nilifanya hivyo kwenye nyumba yangu ya kwanza, tena mimi niliyekuwa najiita mjuzi. Ilikuwa Oktoba, ufa wa sebuleni umefunguka vizuri, nikauona kama mdomo unaoomba kulishwa. Nikachanganya saruji kali, moja kwa mchanga mbili, nikaujaza mpaka ndani, nikapaka rangi ya krimu, nikakaribisha wageni. Januari udongo ukavimba. Ufa ulitaka kujifunga, ukakuta kabari ya saruji niliyoweka mwenyewe. Ukuta ukapasuka upya sentimita 20 pembeni, na tofali zenyewe safari hii, si viungo tu.

Kwa hiyo ukiziba kiangazi, ziba kwa kitu laini: siliconi ya wajenzi au akriliki inayovutika. Itakuwa mbaya machoni. Acha iwe mbaya mpaka ujue ufa umetulia.

Nianzie wapi basi?

Kwenye maji. Sitachoka kusema hivyo, na wateja wangu wananichoka mimi. Kabla ya sululu kugusa msingi, maji yajulikane yanatoka wapi na yanakwenda wapi.

Chukua paa la mita za mraba 100, si kubwa. Mvua moja ya milimita 50 inatoa lita 5,000, yaani ndoo 250 za lita 20. Kama huna gata, ndoo hizo zote zinamwagwa kwenye mstari mmoja, sentimita 50 kutoka kwenye ukuta, ambako ndiko msingi uliko. Hakuna mtu ambaye angekubali jirani aje kumwagia ndoo 250 pale, lakini paa lake linafanya kazi hiyo na hakuna anayeligombeza.

Weka gata, na bomba la kushushia liende mbali, mita 3 au zaidi, ama kwenye tangi. Tangi nalo likijaa lina mahali pa kumwaga ziada. Nimeona mengi ambayo ziada yake inadondokea kwenye kona ya nyumba.

Kisha tengeneza sakafu ya nje kuzunguka nyumba, upana wa mita 1 hadi 1.5, iteremke kuondoka ukutani angalau sentimita 5 kwa kila mita. Isifungwe na ukuta. Acha nafasi nyembamba, ijaze lami au siliconi, kwa sababu sakafu hiyo na nyumba hazitacheza pamoja. Kazi ya sakafu hii si urembo. Inafanya kingo za nyumba zisilowe ghafla na zisikauke ghafla, na hilo tu limewahi kutuliza nyumba ambazo watu walishataka kuzibomoa.

Sasa ndani. Usiku, funga koki zote, soma mita ya maji, lala. Asubuhi kabla mtu hajanawa, isome tena. Namba ikiwa imesogea, una bomba linalovuja, na kama bomba linapita chini ya jamvi, huenda umeshapata mchawi wako. Fungua chemba za maji machafu moja moja, mwaga ndoo chooni, uone kama yote yanafika. Shimo la choo na la kuoshea vyombo lililo mita 2 kutoka ukutani ni tatizo hata kama halinuki.

Na bustani. Mama mmoja alikuwa na majani mazuri sana upande wa mashariki, anayamwagilia kila jioni, na upande wa magharibi ni vumbi. Nyumba yake ilipasuka katikati kama mkate. Tulihamisha majani, tukamwaga sakafu ya nje pande zote. Zege la msingi hatukuligusa.

Kuna mti mkubwa karibu. Niukate?

Taratibu. Mkaratusi au mwarobaini mkubwa hunywa maji mengi kwenye udongo, na upande wake wa nyumba hushuka kiangazi. Lakini ukiukata kwa siku moja, udongo uliozoea kunyonywa kwa miaka utaanza kurudisha maji na kuvimba, na uvimbe huo unaweza kuendelea kwa misimu kadhaa. Punguza matawi kwanza, mwaka hadi mwaka. Kama mti umeitangulia nyumba, usiuguse bila ushauri. Kwa mti mpya, kanuni ya kienyeji inatosha: uupande mbali kiasi cha urefu utakaofikia ukikomaa.

Nisubiri muda gani kabla ya kurekebisha?

Kiangazi kimoja na masika moja, isipokuwa kuna hatari. Piga mistari miwili midogo ya penseli pande zote mbili za ufa, pima kati yake, andika tarehe ukutani hapohapo. Pima tarehe 1 ya kila mwezi. Wazee wa kazi hubandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa saruji: kikipasuka, ukuta umecheza.

Ufa unaofunguka na kujifunga ni wa misimu; dawa yake ni maji. Ufa unaofunguka tu bila kurudi nyuma, miezi 6, miezi 8, huo msingi unazama kweli. Labda ulikaa juu ya kifusi, labda juu ya shimo la zamani lililofukiwa, na ni hapo kazi ya kuchimba inapoanza kuwa na maana.

Kutia msingi mpya chini ya ule wa zamani kunafanywaje?

Kwa vipande, na kwa subira. Watu wamewahi kufa kwa kukosa hayo mawili. Ukichimba chini ya ukuta mzima kwa wakati mmoja, umeuacha ukuta hewani, na ukuta haukai hewani.

Ugawe msingi kwa vipande vya mita 1 hadi 1.2, uviandike namba kwa chaki: 1, 2, 3, kisha 1, 2, 3 tena, mpaka mwisho. Unachimba namba 1 zote kwanza. Kati ya shimo na shimo kunabaki vipande viwili ambavyo havijaguswa, vinabeba mzigo. Chimba kutoka nje, kisha ingia chini ya msingi wa zamani, ushuke mpaka udongo mgumu. Kwenye mbuga hiyo ina maana kupita weusi wote unaopasuka kiangazi na kukuta moramu, yaani udongo mgumu wa changarawe, au kokoto ya asili. Shimo likizidi mita 1.2, weka mbao za kuzuia kingo, fundi asizikwe. Likifika mita 2.5 na bado ni mbuga, acha, ita mhandisi; huenda unahitaji nguzo za kwenda chini, si msingi wa kawaida.

Safisha chini, usiache udongo uliolegea. Kwangua na upande wa chini wa msingi wa zamani, ule udongo ulioganda uondoke. Mwaga zege la moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto, lishindilie vizuri, lakini usilifikishe juu kabisa. Bakiza kama sentimita 7. Zege jipya husinyaa kidogo, na ukilijaza mpaka juu litaacha upenyo usioonekana, ukuta ushuke kuufuata. Baada ya siku moja au mbili, jaza nafasi hiyo kwa saruji na mchanga, moja kwa tatu, yenye maji kidogo sana: ukiifinya kiganjani inashikana lakini haitoi tone. Isukume kwa kipande cha mbao na nyundo mpaka igome. Hatua hii ndiyo mafundi wenye haraka huiruka, na ndiyo inayobeba nyumba.

Ngoja tena siku kadhaa, ndipo uende namba 2. Kisha 3. Kazi ifanyike kiangazi, na shimo lililochimbwa leo limwagwe zege leo au kesho. Shimo lililolala wazi likanyeshewa ni shimo la kuchimba upya.

Ila nina onyo, na mafundi wengi hawatakupa kwa sababu linapunguza kazi. Kwenye udongo unaovimba, ukitia msingi wa kina upande mmoja tu, upande huo utatulia na mwingine utaendelea kupanda na kushuka. Ufa mpya utatokea pale pande hizo zinapokutana. Ama ufanye nyumba nzima, ama urudi kwenye maji.

Msingi wangu hauna mkanda wala nondo. Naweza kuongeza?

Inawezekana: mikanda miwili ya zege, mmoja kila upande wa ukuta, iliyofungwa pamoja kwa nondo zinazopita katikati. Kwa nyumba ya chini mara nyingi utasikia nondo 4 za milimita 12 na ringi za milimita 8 kila sentimita 20. Hicho ni cha kuanzia mazungumzo. Mhandisi aangalie ukuta wako kabla hujaanza kuutoboa.

Kuta ni nzima, ila jamvi limebonyea au limeinuka. Ni msingi?

Pengine hapana. Muulize aliyejenga alijaza nini chini ya jamvi. Jibu la kawaida, ukimbana, ni ule udongo uliotoka kwenye mitaro ya msingi, kwa sababu ulikuwa pale na ni bure. Udongo mweusi ukifungiwa chini ya zege, maji yakaupata, unainua sakafu kama andazi.

Dawa ni kuvunja sehemu hiyo, kutoa mweusi, kurudisha moramu kwa tabaka za sentimita 15, kila moja inyunyiziwe maji kidogo na kushindiliwa peke yake, kisha nailoni nene, kisha zege. Usimwage moramu yote toroli kwa toroli halafu ukashindilia juu tu. Chini itabaki laini na utanipigia tena.

Chini ya kuta kuna chumvi na rangi inabanduka. Msingi umeharibika?

Huo ni unyevu unaopanda kutoka ardhini, kwa kawaida kwa kukosa nailoni kati ya msingi na ukuta. Pwani, nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa baharini ina tatizo hilo na la ziada: chumvi inakula nondo. Ukiona michirizi ya kutu kwenye mkanda au nguzo, usipake rangi juu yake.

Tunaweza kuendelea kuishi ndani?

Kwa nyufa nyingi, ndiyo. Tokeni kama ukuta umeinama: ning'iniza timazi, uzi na jiwe vinatosha, pima juu na chini. Tokeni kama ufa umezidi milimita 25, kama lenta, ile boriti ya juu ya mlango, imepasuka, kama kioo ulichobandika jana kimepasuka leo, au kama usiku mnasikia ukuta ukialika. Watoto watolewe kwanza, kisha mjadala wa fedha uendelee.

Itanigharimu kiasi gani?

Bei hubadilika, vipimo havibadiliki. Kipande kimoja cha msingi mpya cha mita 1.2 kwa sentimita 60 kwa sentimita 60 ni zege la mita za ujazo 0.43, kama mifuko 3 ya saruji ya kilo 50. Ukuta wa mita 10 una vipande 8 au 9, kwa hiyo mifuko 25 hivi, na kokoto na mchanga wake. Zidisha kwa bei ya dukani kwenu. Fedha kubwa zaidi itakwenda kwa nguvu za watu, maana kuchimba chini ya msingi kwa kupiga magoti si sawa na kuchimba mtaro.

Usimlipe fundi kwa jumla. Mlipe kwa shimo, na shimo lisimwagwe zege kabla hujaliona kwa macho yako na kulipiga picha likiwa na rula ndani. Akikataa, umeokoa fedha zako mapema.

Gata, bomba na sakafu ya nje ni sehemu ndogo ya gharama hiyo. Ndiyo maana naanza nazo.

Fundi anatosha, au lazima mhandisi?

Kwa maji, gata, jamvi na lipu, fundi mzuri anatosha. Kwa kuchimba chini ya msingi au kufunga mikanda, tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, aje kabla ya kazi, na arudi shimo la kwanza likiwa wazi. Uliza pia halmashauri yako kuhusu kibali.

Nataka kununua nyumba iliyopakwa rangi mpya. Niangalie nini?

Beba golori mfukoni, uiweke sakafuni kila chumba, uone inakimbilia wapi. Fungua na kufunga kila mlango; tazama juu ya mlango kama mtu ameuranda hivi karibuni, mbao nyeupe isiyopakwa vanishi. Pitisha kiganja kwenye kona za madirisha, kwani lipu mpya juu ya ya zamani huacha kimgongo ambacho rangi haifichi. Zunguka nyuma, ambako wauzaji hawapaki. Kisha vuka uzio ukamsalimie jirani wa upande wa bondeni. Dalali atakwambia eneo ni zuri. Jirani atakuonyesha ufa wa kwake.